Jumla ya Tarehe

Kabla sijafundishwa aljebra, mjomba wangu alikuwa ameshanifundisha abjadi. Alif ni 1, be ni 2, jim ni 3, dal ni 4. Ukifika ye ni 10, kafu 20, na kuendelea hadi ghaini, ambayo ni 1,000. Jina la Mwenyezi Mungu linatoa 66, la Mtume linatoa 92, na Bismillahi nzima 786, ndiyo maana namba hiyo unaikuta juu ya milango ya maduka na kwenye vioo vya magari. Mtu akija na shida zake, mjomba huchukua jina lake na la mama yake, huyageuza namba, huyajumlisha, kisha hutoa 12, hutoa tena 12, mpaka ibaki namba ya nyota yake: Hamali, Thauri, Jauza, mpaka Hutu. Mimi nilikuwa mwepesi wa hesabu, kwa hiyo nikawa kikokotoo chake. Tulikaa Kawe Ukwamani. Baada ya Alasiri yeye hutaja herufi, mimi najumlisha, na jibu linaingia kwenye daftari lenye jalada gumu ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulishika.

Barazani hapo alikuwa anakuja kucheza naye bao mzee mmoja Msabato, aliyefanya kazi Tanganyika Packers enzi kiwanda kikisindika nyama ya kopo. Mzee huyu naye alikuwa na namba zake. Siku 2300 za Danieli sura ya 8, kila siku ihesabiwe mwaka, anza mwaka 457 kabla ya Kristo, unatua 1844. Tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755, siku ya giza kule Marekani tarehe 19 Mei 1780, mvua ya vimondo ya Novemba 1833: kwake vyote hivyo vilikuwa vimeandikwa katika Ufunuo sura ya 6, kwa mpangilio ule ule. Alivitaja bila kutazama kitabu, huku akisambaza kete. Wawili hawa hawakuwahi kugombana kwa ajili ya dini. Kila mmoja alimwona mwenzake ana kitabu kisicho chake lakini ana hesabu nzuri.

Halafu ikaja tarehe 26 Desemba 2004. Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, na kama ilivyo kila sikukuu, Dar es Salaam nzima ilikuwa imehamia ufukweni. Bahari ikaanza kufanya vituko: inavuta, inarudi, inavuta tena, nje kabisa ya saa za maji kujaa na kupwa ambazo kila mtoto wa Kawe anazijua. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10 siku ile, wengi wao waogeleaji wa jiji hili. Jioni redio zikaanza kutaja Sumatra, Sri Lanka, Thailand, na lile neno la Kijapani ambalo mtaani kwetu wengi walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza.

Kesho yake mjomba akatoa daftari. "Mpwa wangu, hebu jumlisha tarehe. Kila tarakimu peke yake." Mbili, sita, moja, mbili, mbili, sufuri, sufuri, nne. Kumi na saba. Akafungua msahafu, Sura ya 17, Bani Israili, akashuka na kidole mpaka aya ya 67, akaendelea hadi ya 69. Hapo panazungumzwa watu wanaopatwa na dhiki baharini, wakamwita Mungu, wakaokolewa, wakamsahau. Wakaulizwa wana dhamana gani kwamba hawatarudishwa humo tena, wapelekewe upepo mkali, wazamishwe. Wateja waliokuwa barazani walinyamaza. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama, kwa sababu jumla niliifanya kwa mkono wangu na haikuwa na hila.

Wiki kadhaa baadaye zikaingia fotokopi. Ilikuwa picha ya setilaiti ya pwani ya Kalutara, Sri Lanka, maji yakirudi baharini yamejikunja namna ambayo ukitaka kusoma jina la Mungu kwa Kiarabu, unalisoma. Ziliuzwa nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Upande wa pili, mhubiri mmoja mgeni akiwa na spika kwenye viwanja vya Tanganyika Packers alishikilia Luka 21:25, panapotajwa ngurumo za bahari na mawimbi, akapangua tarehe ile ile kwa njia zake mpaka akaifikisha anakotaka. Mzee Msabato hakumpenda. Alisema huyo kijana anajumlisha vitu visivyojumlishika.

Kilichonichukua miaka kukiona ni saa. Ardhi ilitetemeka kule Sumatra saa tisa na dakika 58 usiku kwa saa zetu. Mawimbi yalivuka bahari nzima na kufika kwetu mchana. Kati ya tetemeko na waogeleaji wetu kulikuwa na muda wa mtu kutoka Kawe hadi Morogoro na kurudi, na chakula akala njiani. Kenya, ambako habari zilishughulikiwa mapema, askari waliwatoa watu ufukweni, na kifo kilichotajwa kule ni kimoja. Bahari ya Hindi wakati huo haikuwa na mfumo wa tahadhari ya tsunami; ule uliopo sasa ulijengwa baada ya msiba huo. Kwa hiyo onyo lilikuwepo, tena la saa nyingi, ila halikuwa na njia ya kumfikia mtu aliyeko majini. Ile 17 ilipatikana Jumatatu, barazani, wakati mazishi yanaendelea.

Nilimwambia mjomba jambo hili nikiwa nimeshakua. Akanijibu kwamba daftari si la kuzuia, ni la kuthibitisha. Nadhani hakujua amesema kitu kizito kiasi gani.

Desemba 2011 ilikuwa zamu ya mvua. Ilianza tarehe 20, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema Dar es Salaam haikupata mvua ya kiasi kile tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Jangwani palikuwa bahari, na waliookolewa mabondeni walipelekwa kupewa viwanja Mabwepande. Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana nchi nzima kwa utabiri wake, alikuwa amefariki Mei mwaka huo huo, na mtaani watu walisema wazi kwamba mzee angekuwepo angetuambia. Kwetu Mlalakuwa, mto ambao kiangazi unaweza kuuvuka kwa kuruka, ulibeba magodoro, majaba, mbuzi, na taka za miezi yote ambazo watu walizitupa humo kwa matumaini kwamba siku moja mvua itazichukua. Ikazichukua. Zikakwama kwenye karavati, na maji yakatafuta njia kwenye nyumba.

Mama mmoja muuza vitumbua ukuta wake wa nyuma ulianguka wote. Hakuumia mtu. Tulikwenda kumpa pole, mimi na yule mzee Msabato na majirani wengine, tukamkuta kijana mmoja, mhubiri, ameshafika na Biblia yake na kalamu. Alikuwa anamweleza kuwa tarehe ya mvua ina siri, kwamba 20 na 12 na 11 vikipangwa vinaonyesha sura na mstari, na kwamba hukumu imeshukia bonde kwa sababu ya gongo inayouzwa huko na wanawake wasio na ndoa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mtumishi, samahani," akasema. "Na Masaki je? Kule hakuna dhambi?"

Kijana akasema Mungu ana wakati wake. Mama akauliza tena, safari hii akitutazama sisi: "Mbona hukumu inafuata mteremko?"

Sijasikia mhadhara wa jiografia uliozidi huo. Ramani ya mafuriko ya Dar es Salaam, ya 2011 na ya miaka yote iliyofuata, ni ramani ya mabonde, na mabondeni ndiko kiwanja kilikopatikana kwa asiye na hela. Ukiongeza mchanga unaochimbwa mitoni kwenda kujengea nyumba za walio juu, Mbezi, Tegeta na kwingineko, kingo zikabaki wima na kulika kila mvua, utaona dhambi ipo kweli. Ila anayeitenda na anayeoshwa nayo ni watu wawili tofauti.

Yule mzee ndiye aliyemaliza kikao. Alivaa miwani akafungua Luka 13, na hakujumlisha chochote. Pale Yesu anapelekewa habari za watu waliokufa vibaya, naye mwenyewe anautaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 ukawaua. Anauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu hapana. "Hapa hapana siri," mzee akamwambia kijana. "Hapa pamesemwa."

Mwislamu naye ana mahali pake pa namna hiyo, tena mjomba ndiye aliyenifundisha, kabla hata ya abjadi. Mtoto wa Mtume, Ibrahim, alifariki Madina akiwa mchanga, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limeomboleza. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza na kuiacha heshima hiyo ipite. Badala yake akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Wanafalaki wanaiweka siku hiyo tarehe 27 Januari 632. Nilipomkumbusha mjomba, alifikiri kidogo akasema: "Hilo ni jua na mwezi. Bahari haikutajwa." Alikuwa hodari wa bao, na mabishano aliyacheza vivyo hivyo.

Mwaka 2016 ndipo nilipopata kete yangu. Tarehe 10 Septemba tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, watu 17 wakatangazwa kufa, nyumba maelfu zikabomoka. Usiku huo mjomba akanipigia simu. Moja, sufuri, sufuri, tisa, mbili, sufuri, moja, sita: 19. Sura ya 19 ni Maryam, na aya ya 90 inasema mbingu zinakaribia kuraruka, ardhi kupasuka, milima kuanguka. Ardhi kupasuka! Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata haki yake. Nikachukua na ile ya mafuriko, 20/12/2011, ikatoa 9. Sura ya 9 haina gharika, lakini aya ya 70 inawataja watu wa Nuhu. Maafa matatu, na daftari limepiga yote matatu.

Nikamwambia, mjomba, sasa tufanye 9/12/1961. Siku ya Uhuru. Ikatoa 29. Sura ya 29, Ankabut, ina gharika ya Nuhu kwenye aya ya 14, ina tetemeko lililowaangamiza watu wa Madyan kwenye aya ya 37, na aya ya 40 inakusanya yote pamoja: waliopigwa kwa tufani ya mawe, waliochukuliwa na ukelele, waliodidimizwa ardhini, waliozamishwa. Hakuna tarehe katika daftari lake iliyotoa maangamizi mengi kama siku bendera yetu ilipopandishwa.

Akacheka. Akasema Qurani haikosi jambo. Nikasema ndiyo, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kuwa kalenda.

Tukikaa chini tukaitazama hesabu yenyewe, si muujiza. Ukijumlisha tarakimu za tarehe yoyote tangu 1900 hadi leo huwezi kuzidi 48. Kwa hiyo daftari la mjomba halikuwahi kufika kwenye sura fupi za mwisho, zile tunazowafundisha watoto wetu kwa ajili ya sala. Lilizunguka kwenye sura 48 za mwanzo, na humo ndimo zimejaa sura ndefu zinazorudia habari za Nuhu, Adi, Thamudi, Luti na Firauni, kwa sababu Kitabu kinawaonya watu na onyo hurudiwa. Ukirusha jiwe kwenye mwembe uliojaa, utaangusha embe. Haina maana mti ulikuwa unakusubiri wewe.

Wenzetu wa nje wamefanya mchezo huu kwa kompyuta. Mwaka 1994 Eliyahu Rips na wenzake wawili walichapisha makala katika jarida la takwimu wakidai kwamba ukiruka herufi kwa hatua sawa katika Mwanzo kwa Kiebrania unakuta majina ya marabi karibu na tarehe zao za kuzaliwa na kufa. Mwandishi wa habari wa Marekani, Michael Drosnin, akaigeuza kuwa kitabu kilichouzwa sana mwaka 1997, chenye kifo cha Yitzhak Rabin, matetemeko na vita vijavyo. Alipobanwa akasema wakosoaji wake wakipata mauaji ya waziri mkuu ndani ya riwaya ya Moby Dick, atawaamini. Brendan McKay, mwanahisabati wa Australia, akaingia kwenye riwaya hiyo ya nyangumi akatoka na Indira Gandhi na wengine kadhaa. Mwaka 1999 McKay na wenzake wakaijibu ile makala ya kwanza katika jarida lile lile. Biashara ya vitabu iliendelea.

Mjomba, kwa haki yake, alikuwa na mpaka. Rashad Khalifa, Mmisri aliyekaa Marekani akahubiri kwamba Qurani yote imefungwa kwa namba 19, alikuwa hataki kumsikia. Aya mbili za mwisho za Sura ya 9 zilipoharibu hesabu yake, Khalifa alizikataa aya, hesabu akaibakiza. "Huyo sasa anaisahihisha Qurani kwa kikokotoo," mjomba alikuwa akisema, na hapo tulikuwa upande mmoja kabisa.

Mtu anaweza kuniuliza ubaya uko wapi, wazee wawili na bao na namba zao barazani. Kwao wawili sikuuona. Mzee Msabato aliishi na mwaka wa 1844 maisha yake yote na hakuacha kulipa ada za wajukuu. Lakini tunakaa katika ukanda uliowahi kuona Kanungu, Uganda, Machi 2000, ambako mamia ya waumini waliokuwa wakisubiri mwisho wa dunia walikufa. Na msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioshinda njaa ili waonane na Yesu. Kiongozi wa Shakahola, kabla ya kuhamia msituni, alikuwa amefundisha kwamba Huduma Namba ya serikali ya Kenya ina alama ya 666. Mwenye ufunguo wa namba akishaaminiwa, wafuasi wake hawaulizi tena. Ndiyo maana yule mama wa vitumbua alikuwa mtu wa maana sana siku ile: aliuliza.

Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika 13 usiku, sisi wenyewe tukatikiswa. Tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6, chini ya bahari kusini-mashariki mwa jiji. Vioo vilipiga kelele, watu wa maghorofani walishuka na watoto mikononi, wengine na taulo tu. Hakuna aliyekufa. Tukiwa bado tumesimama barabarani ujumbe wa simu ulianza kuingia, wenye sura na mistari. Jumla ya tarehe ni 15, na Sura ya 15 ni Al-Hijr, ya watu walioangamizwa asubuhi. Hakuna ujumbe hata mmoja nilioupata uliosema kwamba Bonde la Ufa lina tawi linalopita baharini, kati ya pwani yetu na Komoro, kwa hiyo ardhi yetu itatikisika tena. Wala hakuna aliyeuliza hayo maghorofa yetu nondo zake zikoje.

Mjomba amefariki, na daftari ninalo mimi. Nimeliongezea ukurasa mmoja. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja meli za Sultani Barghash bandarini. Pemba ikasalimika, na tangu hapo ndiyo kisiwa cha karafuu. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Siku ile ile, mwezi ule ule, miaka 80 kamili kati yake. Ongeza 80 nyingine upate 15 Aprili 2032, na ujumlishe: moja, tano, nne, mbili, sufuri, tatu, mbili. Kumi na saba. Sura ile ile ya upepo na bahari. Mjomba angelia.

Naiandika hapa mapema, jambo ambalo daftari halijawahi kulifanya, na siiamini hata kidogo. Vimbunga viwili katika mwezi wa Aprili havina siri. Huo ni msimu. Kimbunga Hidaya kilipotukaribia Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa siku kadhaa kabla, ikataja kilipo, kasi ya upepo na mikoa itakayoguswa. Boti za Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Taarifa hizo hutolewa kwa Kiswahili, bure, na hazihitaji abjadi.

Tarehe 15 Aprili 2032 itakuwa Alhamisi, katikati ya masika. Kama unakaa kando ya Mlalakuwa usiisubiri. Kila Machi nenda na wenzako mkazibue karavati, na mkamuulize mwenyekiti wenu wa mtaa mchanga wa mto unachimbwa na nani.